Presha ya Shangazi: Tezi Moja au Zote Mbili?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu hunyesha. Hayo niliyajua kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi alipata presha akiwa na miaka 34. Alimeza dawa aina tatu kila siku na presha haikushuka. Isitoshe, miguu ilimlegea hata akashindwa kupanda ngazi. Majirani wakasema karogwa! Daktari alipopima damu yake alipata potasiamu 2.8, ilhali kiwango cha kawaida huwa kati ya 3.5 na 5. Ndipo akashuku tezi za adrenali.

Tezi hizi ni mbili, na kila moja imekaa juu ya figo mithili ya kofia. Hutoa homoni kadhaa, mojawapo ikiwa aldosteroni, ambayo huiamuru figo ihifadhi chumvi na kutoa potasiamu kwenye mkojo. Ikizidi, presha hupanda. Daktari Mmarekani, Jerome Conn, aliueleza ugonjwa huu mwaka wa 1955. Msidhani kila mgonjwa hupungukiwa potasiamu. Wengi hawapungukiwi, na ndiyo maana hawagunduliwi upesi.

Kwanza hupimwa aldosteroni pamoja na renini, kitu kinachotoka kwenye figo ili kuiamsha aldosteroni. Aldosteroni ikiwa juu na renini chini, basi tezi inafanya kazi bila kutumwa. Shangazi alikuwa hivyo hasa.

Je, ni tezi gani? Hapa ndipo penye kazi. Aina kuu za ugonjwa huu ni mbili:

(a) Uvimbe katika tezi moja. Tezi hiyo hutolewa kwa upasuaji.

(b) Tezi zote mbili kuzidisha homoni. Mgonjwa hupewa dawa ya kuizuia aldosteroni, kama vile spironolaktoni. Ukikata tezi moja, ile nyingine itaendelea na vituko vyake.

Skani ilionyesha kivimbe kidogo kwenye tezi ya kushoto. Nyumbani sote tukasema, "Si kimeonekana? Kitolewe basi!" Harambee ya upasuaji ikafanywa. Lo! Daktari akakataa kukata. Alitueleza kwamba watu wengine huwa na vivimbe vya adrenali visivyotoa homoni yoyote. Picha huonyesha umbo tu, haionyeshi kazi.

Basi mrija mwembamba ulipitishwa kwenye mshipa wa paja, damu ikachotwa katika vena ya kila tezi. Homoni ya kotisoli ilipimwa pia ili kuhakikisha mrija ulifika mahali pake, kwani vena ya kulia ni fupi na ni ngumu kuipata. Matokeo? Aldosteroni ilikuwa imezidi kushoto na kulia, karibu sawasawa.

Baba aliinamisha kichwa. "Dada, sasa waliochanga tutawaambia nini?"

Shangazi akacheka. "Waambie walinichangia nisikatwe bure."

Leo anameza spironolaktoni, presha imetulia, na ngazi anapanda mwenyewe. Wenzangu, iwapo nyumbani kwenu kuna mtu mwenye presha isiyosikia dawa, mwambieni amuulize daktari kuhusu tezi hizi. Na uvimbe ukionekana, aulize tena: ni huo kweli? Kuuliza si ujinga.