SOMO LA NCHI ZA DUNIA: KUWAIT

Leo twapenda kuwapa waalimu na wasomaji wetu habari za nchi moja ndogo ya Waarabu, wapate kuwasimulia watoto, maana katika habari zake mna jambo la kufikiriwa na kila mzazi.

Kuwait iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ghuba, kati ya Iraki na Saudia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 17,818. Tanzania yaweza kuchukua nchi kama hiyo 50 na zaidi. Karibu yote ni jangwa. Haina mto udumuo mwaka mzima, na mvua yake ni haba. Hapo zamani maji ya kunywa yaliletwa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab, mto wa Iraki, yakauzwa mjini.

Watu wake waliishi kwa bahari. Wakati wa joto walipiga mbizi kutafuta chaza wenye lulu, kazi ya taabu sana, na wengi walikuwa na deni kwa manahodha wao. Wengine walisafiri na kaskazi mpaka pwani yetu wakileta tende, wakarudi na kusi wakichukua boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Kwa boriti hizo waliezeka nyumba zao, maana kwao hakuna miti ya kujengea.

Katika miaka ya 1930 biashara ya lulu ilianguka. Wajapani walikwisha kujua namna ya kumtia chaza chembe ndani afanye lulu. Tena fedha ilikuwa adimu duniani kote. Kazi ya mababu ikafa mbele ya macho ya watoto wao.

Mwaka 1938 mafuta yalionekana mahali paitwapo Burgan. Vita Kuu ya Pili ilichelewesha kazi, na shehena ya kwanza ikasafirishwa tarehe 30 Juni 1946. Utajiri ukaja upesi. Walakini watu walioona lulu ikikosa thamani walijua ya kuwa mafuta nayo yana mwisho. Basi mwaka 1953, kabla nchi haijapata uhuru wake wa 1961, iliundwa halmashauri ya kutunza sehemu ya fedha hizo. Mwaka 1976 sheria iliamuru fungu moja katika kila mafungu 10 ya mapato ya serikali liwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tangu 2020 fungu hilo huwekwa katika miaka yenye ziada tu.

Faida ya akiba ilionekana upesi. Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliiteka nchi, na yalipofukuzwa Februari 1991 yaliacha visima zaidi ya 600 vikiwaka moto. Mafuta yaliungua, bali akiba iliyowekwa ng'ambo ilikuwa salama. Kwayo waliokimbia walisaidiwa, na nchi ikajengwa tena.

Mwalimu aweza kuwauliza watoto maswali haya:

1. Kwa nini mji wa jangwani ulinunua boriti za Rufiji?
2. Ni nini kilichoua biashara ya lulu?
3. Katika wilaya yetu, ni mali gani itakayokwisha siku moja, na sasa tunawawekea nini watakaotufuata?

Swali la tatu si la watoto peke yao.