Wosia wa Mfanyabiashara na Saa ya Miaka 2

Kenya haina kodi ya urithi. Ushuru uliotozwa mali ya marehemu ulifutwa mwaka 1982. Hilo lisimfanye mfanyabiashara alale. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, haitozwi mali inayohamishwa katika kugawa mirathi, mradi uhamisho ukamilike ndani ya miaka 2 tangu kifo, au katika muda ulioongezwa na Kamishna wa kodi.

Miaka 2 si mingi. Kwa kawaida mahakama huithibitisha hati ya usimamizi baada ya miezi 6, na kabla ya hapo mali haigawanywi. Wadai wanabisha hodi, akaunti ya benki imezuiwa, bidhaa zinaozea ghalani. Ndugu wakigombania usimamizi, muda unayeyuka.

Wosia wa maandishi unaomtaja msimamizi huzima ugomvi huo mapema. Mashahidi wawe 2, nao wasiwe warithi: shahidi aliyeachiwa kitu hukikosa, isipokuwa wapo wengine 2 wasio na maslahi. Wosia wa mdomo hukubalika pia, lakini aliyeutoa akiishi zaidi ya miezi 3 huwa si kitu. (Kupona nako kuna hasara!) Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni.

Mwenye hisa katika soko la Nairobi aandike pia nambari ya akaunti yake ya CDSC na jina la wakala wake. Hisa zisizojulikana na familia huishia mikononi mwa Mamlaka ya Mali Isiyodaiwa.