Mambo Matano Niliyojifunza kwenye Mawe ya Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, lakini mawe hayakumegwa. Mwamba uleule unapita chini ya wilaya zote mbili, unavuka mpaka kwenda Ankole kule Uganda, na kuendelea Rwanda na Burundi. Wanajiolojia huuita ukanda wa Karagwe-Ankole. Kazi yangu imekuwa kufundisha sayansi huku, na likizo nyingi nimezimalizia kwenye maduara ya wachimbaji wadogo wa bati. Wewe kijana unayetaka leseni yako, au unayesomea jiolojia, shika neno moja: elementi hazikutawanywa ovyo. Ziligawanywa kwa kanuni, na anayeijua kanuni hachimbi kwa kubahatisha.

1. Kilicho kingi sicho kinachotafutwa

Mwanafunzi mmoja aliokota jiwe jeupe la kwatzi kando ya barabara ya Murongo, akaniuliza lina madini gani ndani yake. Nikamwambia oksijeni na silikoni. Uso ukamshuka. Lakini ndivyo ganda la dunia lilivyo: kwa uzito, takriban asilimia 46 ni oksijeni na asilimia 28 ni silikoni. Bati ni kama gramu 2 tu katika tani nzima ya mwamba wa kawaida.

Piga hesabu kidogo. Mwamba wenye kilo 2 za bati kwa tani umekusanyiwa bati mara 1,000 kuliko kawaida. Kwa hiyo kabla hujashika sururu, jiulize ni kitu gani kililikusanya mahali hapo. Ukikosa jibu, huna sababu ya kuchimba hapo badala ya kwa jirani.

2. Kila elementi ina wenzake

Katika miaka ya 1920, mwanasayansi Victor Goldschmidt, aliyefanya kazi nchini Norway, alizipanga elementi kwa tabia zao: zinazopenda chuma, zinazopenda salfa, zinazopenda mawe, na zinazopenda hewa. Nilipousoma mpangilio huo niliishangaa nikeli. Inapenda kuandamana na chuma, na dunia ilipokuwa changa na ya moto, vyote viwili vilizama kwa wingi hadi kwenye kiini, kilomita 2,890 chini ya miguu yetu. Chuma ni karibu theluthi moja ya uzito wa dunia yote, ilhali kwenye ganda hakizidi sana asilimia 5.

Sasa mbona kuna nikeli Kabanga, wilayani Ngara, jirani zetu wa kusini? Kwa sababu nikeli ina rafiki wa pili, salfa. Zaidi ya miaka bilioni 1.3 iliyopita, mwamba ulioyeyuka ulipanda kutoka tabaka la kati la dunia ukiwa na nikeli kidogo. Ulipokutana na salfa ya kutosha njiani, nikeli ikaihamia. Ukitaka kujua elementi iko wapi, uliza kwanza inapenda kukaa na nani.

3. Fuata iliyokosa nafasi

Bati la Kyerwa lina historia nyingine. Lilikuja na matale, yaani graniti, kama miaka bilioni moja iliyopita. Mwamba ulioyeyuka unapopoa, madini huganda kwa zamu, na kila madini ni kama basi lenye viti vya kipimo maalumu. Atomi za chuma na magnesi hupata viti mapema. Atomi ya bati, kwa ukubwa wake na chaji yake, hukosa kiti basi baada ya basi, ikabaki kwenye uji unaozidi kupungua pamoja na wenzake waliokosa: lithi, tantali, niobi na maji. Ndiyo maana ukanda huu una bati na koltani pia, yaani madini ya tantali na niobi, hasa upande wa Rwanda.

Kilichonishangaza ni kwamba bati halikubaki ndani ya graniti iliyolileta. Maji ya moto yalilibeba hadi kwenye nyufa za miamba ya pembeni, yakaliacha humo kwenye mishipa ya kwatzi. Mama mmoja anayeponda mawe aliniwekea mkononi kipande cha mshipa. Kingo zake zilikuwa zimejaa ulanga unaometa, na katikati kulikuwa na punje nyeusi zenye mng'ao. "Mwalimu," akaniambia, "kwatzi isiyometa pembeni sisi hatuhangaiki nayo." Hakuwahi kusikia jina la Goldschmidt, lakini kanuni alikuwa nayo: ulanga huo ni alama ya yale maji ya moto.

4. Mvua inachukua, mvua inaacha

Tunalima migomba na kahawa juu ya ukanda huohuo. Mvua za miaka mingi huyeyusha potasi na kalsi, zikazipeleka mtoni. Chuma na alumini hubaki, na ndiyo maana udongo wetu mwingi ni mwekundu. Mababu walikijua vizuri chuma: watawala wa Karagwe pale Bweranyange walisifika kwa fuawe na sanamu za ng'ombe za chuma.

Kasiteraiti, yaani madini ya bati, nayo haiyeyuki. Ina uzito wa karibu mara 7 ya maji, ilhali kwatzi haifiki mara 3. Mwamba ukioza, kasiteraiti hujikusanya kwenye kokoto za mabondeni, na karai huikamata kwa sababu hiyohiyo. Mvua inayolifukarisha shamba ndiyo inayolitajirisha bonde. Basi rudisha samadi na majani kwenye kibanja, hasa kwa mgomba, maana unakula potasi kwa wingi.

5. Pima kabla ya kuamini

Si kila punje nyeusi nzito ni bati. Madini ya chuma nayo hubaki kwenye karai. Isugue punje kwenye upande wa kigae usio na rangi ya kung'aa: hematiti huacha mstari mwekundu, kasiteraiti huacha mweupe au wa kahawia hafifu.

Darasani tulifanya jaribio jingine. Tulikata kipande cha zinki kutoka kwenye gamba la betri ya tochi, tukaweka punje juu yake na kumwagia asidi dhaifu ya haidrokloriki. Baada ya dakika chache punje nyeusi ilivaa ngozi ya kijivu yenye mng'ao: bati lenyewe. Darasa zima liliinamia sahani. Fanyia nje, mbali na moto, maana gesi inayotoka huwaka.

Kisha tafuta ramani ya eneo lako kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Iangalie kwa maswali haya: graniti iko wapi, nyufa zinaelekea wapi, maji yanashukia bonde gani. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7. Ukianza na kanuni, muda huo unatosha kuujua mshipa wako. Ukianza na sururu, utakwisha ukihama shimo hadi shimo.