Kila Zama na Kitabu Chake: Vizazi Vitatu Mbele ya Filamu Tangulizi

1.0 Utangulizi

Likizo ya Desemba iliyopita tuliketi watu watatu mbele ya runinga moja nyumbani kwetu Karatina: ami yangu, mwalimu mstaafu wa fizikia, mimi mwenyewe, na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 13. Tulikuwa tukitazama The Phantom Menace, filamu ya George Lucas iliyotolewa mwaka 1999. Ilipokwisha, ami alitikisa kichwa akasema, "Waliharibu hadithi nzuri." Mpwa wangu akashangaa: "Lakini Guka, si hadithi ndiyo kwanza imeanza?"

Makala haya yamezaliwa na majibizano hayo. Swali tunalolichunguza ni hili: kwa nini kazi moja, isiyobadilika hata kidogo, ipewe hukumu tofauti na watu wanaoitazama pamoja? Tunadai kwamba hukumu ya filamu ya aina hii hutegemea sana mlango ambao mtazamaji aliingilia katika hadithi nzima. Umri wake huwa na maana kwa sababu ndio ulioamua mlango huo.

2.0 Suala la Istilahi

Kuna kazi zinazotungwa baadaye ilhali zinasimulia yaliyotangulia. Hapa tutaziita kazi tangulizi. Msomaji atambue kuwa utangulizi huo ni wa wakati wa kisa, si wakati wa utunzi. Mfululizo wa Star Wars ni mfano bora. Sehemu ya nne, ya tano na ya sita zilitolewa mwaka 1977, 1980 na 1983. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu zikafuata mwaka 1999, 2002 na 2005. Ni sawa na mzazi aliyezaliwa baada ya mwanawe. Hali kadhalika, tunatumia bunilizi ya kisayansi kwa maana ya kazi inayojenga ulimwengu wake juu ya sayansi na teknolojia, iwe ile iliyopo au ile inayoweza kuwazika.

3.0 Msingi wa Nadharia

Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, Hans Robert Jauss alitoa mhadhara uliochangia kuasisi nadharia ya upokezi. Alishikilia kwamba historia ya fasihi haikamiliki pasipo kumhesabu mpokezi. Kila mpokezi huikabili kazi akiwa na upeo wa matarajio, yaani mkusanyiko wa yale aliyokwisha kuyasoma, kuyatazama na kuyazoea. Kazi mpya huweza kuutosheleza upeo huo, kuukatisha tamaa au kuupanua. Kazi tangulizi huidhihirisha nadharia hii vizuri, kwa kuwa baadhi ya wapokezi wake tayari wanaujua mwisho.

4.0 Onyesho Moja, Masikio Matatu

Tuchukue onyesho moja la mwisho wa filamu. Mwanasiasa Palpatine anamwambia mtoto Anakin Skywalker, mwenye umri wa miaka 9, kwamba wataufuatilia mustakabali wake kwa makini. Maneno ni yale yale kwa kila mtazamaji, lakini hayakusikika kwa namna moja sebuleni petu.

Ami alisikia kitisho. Alizitazama filamu tatu za awali kwa kanda za video akiwa kijana, na alijua kuwa mtoto yule ndiye atakayekuwa Darth Vader, na mwanasiasa yule ndiye atakayekuwa mfalme dhalimu. Kwake, kinaya cha onyesho hilo kilikuwa kikali. Walakini, ujuzi huo huo ndio uliomkatisha tamaa. Kati ya 1983 na 1999 ni miaka 16, na katika miaka hiyo alikuwa amejitungia mwenyewe chanzo cha uovu wa Vader. Alikuja kutafuta giza, akapewa mgogoro wa kodi za biashara, mashindano ya vyombo vya kasi na mhusika wa kuchekesha.

Mpwa wangu alisikia wema wa mtu mzima kwa mtoto. Aliamua kuzitazama filamu kwa kufuata nambari zake, na kabla likizo haijakwisha alikuwa amezimaliza zote sita. Alipofika sehemu ya tano, siri ya kwamba Vader ni baba yake Luke, iliyomwacha ami kinywa wazi zama zake, kwake ilikuwa taarifa tu. Hata hivyo, alipata kitu ambacho ami hakukipata: alimwonea Vader huruma tangu alipotokea katika sehemu ya nne, kwani alimjua angali mtoto.

Mimi ni wa kizazi cha katikati. Filamu hii niliitazama nikiwa na miaka minane, kwa diski tuliyoikodi mjini. Utotoni nilisikia wema. Ukubwani nikasikia kitisho.

Hali hii si ngeni kwetu Nyeri. Dedan Kimathi alizaliwa Thegenge, Tetu, mwaka 1920, akakamatwa Oktoba 1956, na akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wengi wetu tuliujua mwisho wake kabla ya mwanzo. Tunaposimuliwa habari za kijana aliyewahi kuwa mwalimu, tunazisikiliza tukiwa tayari tumekwisha kukiona kitanzi. Majirani waliomjua wakati huo walimwona mwalimu kijana, basi.

5.0 Je, Kila Hukumu ni Sawa?

La hasha. Kuna kasoro zinazoonekana kutoka kila upande: mazungumzo yaliyo makavu mahali pengi yalimchosha ami, yakanichosha mimi, na mpwa wangu akayaruka kwa rimoti. Linalotakiwa ni kutenganisha kasoro ya kazi na maumivu ya matarajio yaliyovunjwa.

Kutotenganisha mambo haya kuna gharama. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks, alidhihakiwa mno baada ya 1999. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba dhihaka hizo zilimfikisha karibu na kujitoa uhai. Lucas amesema zaidi ya mara moja kwamba filamu hizi aliwalenga watoto, lakini watu wazima waliitoa hukumu kana kwamba watoto hao hawakuwamo ukumbini. Mwaka 2023 Best alirejea katika tamthilia ya The Mandalorian, na mashabiki wengi wakamshangilia, wakiwamo waliokuwa watoto mwaka 1999.

6.0 Hitimisho

Wahenga walisema, kila zama na kitabu chake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua kauli hii kwa vitendo: aliyesoma Utengano shuleni na aliyesoma Chozi la Heri hubishana kila mmoja akikitetea kitabu chake, na aghalabu kinachotetewa ni ujana wake. Tunapendekeza mhakiki atangaze mapema mlango alioingilia kabla ya kutoa hukumu. Ami hakubadili yake. Ila jioni ya mwisho ya likizo alimwomba mpwa wangu wairudie sehemu ya kwanza, akasema safari hii atanyamaza, mtoto ndiye amweleze.