Kontena Lisilohifadhi: Istilahi za Kufundishia Uendeshaji wa Seva Binafsi, kwa Mifano ya Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi chache anazozihitaji mwanafunzi atakayeendesha ndani ya kontena seva yake mwenyewe ya kuunganisha na kujaribu programu. Mifano imetolewa Handeni na Korogwe, ambako neno kontena lina maana iliyokwisha kuzoeleka. Na hapo ndipo tatizo linapoanzia.

2.0 Uunganishaji wa mfululizo

Dhana yenyewe si ngeni kwa mtu wa mashamba ya mkonge. Majani yaliyokatwa hayasubirishwi hadi msimu uishe; hupelekwa korona mapema, kwani yakikauka nyuzi hutoka kwa shida. Vivyo hivyo, kila fungu dogo la msimbo hupelekwa kwenye seva, nayo huliunganisha na kazi ya wenzake mtunzi, hulijenga na kulijaribu papo hapo, ili kosa lionekane lingali dogo. Kuna kishawishi cha kusema "uunganishaji endelevu". Sikiafiki: endelevu limekwisha kushikamana na maendeleo yasiyoharibu mazingira, na kinachosemwa hapa ni mfululizo tu.

3.0 Kontena

Kandokando ya barabara kuu ya Segera hadi Korogwe, kontena ni sanduku la chuma lililotoka bandarini na pengine kugeuzwa duka. Likiinuliwa kwa kreni, bidhaa huhama nalo. Mwanafunzi akija na maana hiyo atapotea. Kontena la kompyuta, lililoenea baada ya Docker kutolewa mwaka 2013, huundwa ili litupwe. Likifutwa, yaliyoandikwa ndani yake hufutika pia.

Tuchukue Jenkins, seva iliyopata jina hilo mwaka 2011. Mipangilio, nywila na historia ya kazi zote hukaa katika folda /var/jenkins_home. Mwendeshaji asipoifunganisha folda hiyo na hifadhi ya nje aliyoipa jina, Docker huitengea hifadhi isiyo na jina. Siku atakapofuta kontena ili aweke toleo jipya, kontena jipya halitaijua hifadhi ile. Ataikuta seva tupu, kana kwamba haijafanya kazi hata siku moja. Baadaye, akisafisha diski, hifadhi yenyewe nayo hufagiliwa.

4.0 Kalibu na ghala

Kwa kile ambacho kontena hutokana nacho, napendekeza kalibu badala ya taswira. Kalibu moja hufyatua matofali mengi, na tofali likivunjika kalibu ipo. Hifadhi ya nje na iitwe ghala. Mkazi wa Handeni, ambaye maji yake ya bomba husukumwa kutoka mto Pangani, haelezwi faida ya tangi la nyumbani: kalibu na maktaba za programu zikiwekwa akiba sevani, kazi huendelea hata intaneti ikikatika.

Soketi ya Docker ingefaa kuitwa ufunguo mkuu. Seva ikikabidhiwa soketi hiyo ili iunde makontena mengine, yeyote anayeweza kuipelekea msimbo huweza kuitawala kompyuta nzima.