SOMO LA MAFUNDI WA NGOZI: RANGI NA DAWA YA KUZIBA NDANI YA ALA YA BASTOLA

Ndugu wafanyakazi wa ngozi, somo la leo linahusu sehemu ya kazi ambayo mteja haitazami siku ya kununua, lakini ndiyo inayorudisha mali karakanani. Ni ndani ya ala ya bastola. Nje fundi atang'arisha, atashona uzi ulionyooka, na tajiri atasifu. Ndani pakipitwa haraka, baada ya wiki mbili askari anarudi: bastola imepakaa weusi, mkono wake mweusi, na chuma kina madoa ya kutu. Hapo linaulizwa swali moja tu, nani alipaka rangi? Kisha mshahara unakatwa.

Basi tuijue kazi yenyewe, maana mwakilishi asiyejua kazi hawezi kumtetea mwenzake mezani.

Ngozi ifaayo kwa ala ni ile iliyoivishwa kwa magome, siyo kwa kromu. Huku kwetu Afrika Mashariki magome hayo ni ya miwati, na mashamba yake yanayojulikana yapo Njombe, Tanzania. Ngozi ya magome ukiilowesha inakubali kukandwa hadi ishike umbo la bastola, na ikikauka inabaki hivyo hivyo. Ya kromu ni laini, inafaa viatu na mikoba, lakini ukiikanda inarudi ilivyokuwa. Unene wa kawaida ni milimita 3 au zaidi kidogo.

Kila ngozi ina pande mbili, upande wa manyoya na upande wa nyama. Katika ala, upande wa manyoya unakaa nje, na upande wa nyama ndio unaogusa silaha. Upande wa manyoya nyuzi zake zimebanana. Upande wa nyama ni kama blanketi, nyuzi zimesimama wazi na zinakunywa rangi nyingi kuliko zinavyoweza kushika. Rangi ya ziada inakaa juu ya nyuzi kama vumbi, ikingoja jasho. Ndiyo sababu fundi mzuri sana wa nje anaweza kushindwa ndani.

Sasa mpango wa kazi. Kabla ya kushona, piga msasa upande wa nyama hadi manyoya-manyoya yaishe. Lowesha kidogo kwa sponji, kisha sugua kwa nguvu kwa mti laini au chupa ya kioo mpaka nyuzi zilale. Wengine hupaka gundi ya mti wakati wa kusugua, nayo inasaidia, lakini ikitangulia rangi, rangi haitaingia sawasawa. Mimi nasema rangi kwanza, gundi baadaye.

Paka rangi ngozi ikiwa bado bapa mezani, maana ala ikishashonwa mkono hauingii. Paka mara mbili nyepesi, siyo mara moja nzito. Ya pili ivuke ya kwanza, kama kupiga chokaa ukutani. Halafu acha. Hapa ndipo ugomvi wetu na wasimamizi unapoanzia. Rangi ya spiriti inaonekana kavu baada ya dakika chache, kwa kuwa spiriti iliyo juu imeruka. Ndani ya ngozi bado. Ipe siku nzima, na wakati wa mvua zaidi. Kisha sugua kwa kitambaa kikavu cheupe, badili kitambaa, sugua tena, mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia. Kazi hii haina sifa wala haionekani, na hakuna dawa ya kuziba itakayofanya kazi yake.

Baada ya hapo shona, lowesha kwa maji ya uvuguvugu (siyo ya moto, maji ya moto yanaikunja ngozi ya magome), ingiza kalibu ya mti au ya plastiki yenye umbo la bastola, kanda, na uache ikauke kivulini. Usiikaushe juu ya jiko. Maji haya yatatoa rangi kidogo tena, usishtuke. Sugua ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Sasa ndipo unaziba. Dawa ikitangulia, maji hayaingii na ngozi haikandiki. Wapo mafundi wanaoziba mapema ili wamalize mapema, halafu wanalaumu ngozi.

Dawa iliyo bora ndani ya ala ni akriliki ya maji. Changanya nusu dawa nusu maji. Mimina kidogo ndani ya ala, zungusha ifike kila pembe, mwaga yote, kisha tundika mdomo ukitazama chini. Ikikauka rudia mara moja. Ukimimina nzito bila maji inaacha gamba, gamba linapasuka, na vipande vinaingia kwenye bastola. Nta ndani sishauri. Kwa joto la mwili na la jua inalainika, inakamata vumbi, na vumbi linakuwa msasa kwenye chuma. Mafuta mengi nayo yanalegeza ngozi hadi ala haishiki tena. Tena mafuta hayo yakikaa na shaba ya risasi yanazaa ule ukungu wa kijani, na askari atasema rangi yetu ni mbaya. Mwambieni mteja mapema kwamba ala ni ya kubebea. Kulaza silaha humo mwezi mzima ni kuitafutia kutu.

Kipimo ni rahisi. Tone la maji likiwekwa ndani ya ala iliyozibwa linasimama kama umande, na katika ala isiyozibwa linazama. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, sugua mara ishirini. Kikitoka safi, ala iende dukani.

Kipimo hiki kimewahi kuokoa mishahara. Karakana moja ilirudishiwa ala na walinzi, na mwajiri akaandika makato kwa wapakaji watatu. Mezani hatukuanza na kelele. Tuliomba ala zenyewe, kikombe cha maji na kitambaa. Tone lilizama katika kila ala. Tukaomba daftari la stoo, nalo likaonyesha kwamba dawa ya kuziba haikununuliwa kwa muda wa miezi miwili. Makato yalifutwa siku hiyo hiyo. Lakini ndugu zetu hao walikuwa wanajua tangu mwanzo kwamba dawa imekwisha, na hawakuandika popote. Dawa ikikosekana, andikeni tarehe, mwonyesheni msimamizi, na mwakilishi abaki na nakala.

Jambo la pili la mezani ni saa za kungoja. Kazi ya kulipwa kwa kipande inampa mfanyakazi faida akiruka siku ya kukausha, na tajiri anajua. Halafu ala ikirudi, hasara ni ya fundi peke yake. Bei ya kipande ihesabu kusugua na kuziba, na pawe na rafu na waya za kutosha kutundika kazi ya siku mbili. Bila waya hizo, maneno yote niliyoandika hapo juu hayafanyiki.

Sasa afya. Rangi ya spiriti inanuka vizuri na watu wanaizoea, lakini mara nyingi spiriti yake imechanganywa na methanoli, ambayo inapita kwenye ngozi na kwenye pumzi, na inaharibu macho. Anayeionja kwa mzaha anaweza kupofuka au kufa. Thina na vanishi zake ni mbaya zaidi. Kuna kemikali iitwayo benzeni iliyokuwa ikitiwa katika gundi na viyeyushi. Mjini Istanbul, Uturuki, madaktari walitoa taarifa mwaka 1974 ya mafundi viatu 26 waliougua saratani ya damu au hali inayoitangulia, waliyoipata baada ya kuvuta benzeni ya gundi katika vyumba vidogo. Japani katika miaka ya 1960 watengeneza kandambili walilegea miguu na mikono kwa sababu ya gundi yenye heksani. Hao ni mafundi wa ngozi na gundi kama sisi, katika vyumba kama vyetu.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 wa mwaka 1971 kuhusu benzeni. Unataka kitu kisicho na madhara, au chenye madhara madogo, kitumike badala yake kila kinapopatikana. Unakataza pia wajawazito, wanaonyonyesha na walio chini ya miaka 18 kuwekwa kwenye kazi hiyo. Na hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kwa hiyo kuomba akriliki ya maji mahali pa vanishi ya thina siyo kuomba anasa.

Mvuke wa vitu hivi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Dirisha la juu peke yake halitoshi, mlango au tundu la chini lifunguliwe. Sigara na jiko la mkaa vikae mbali. Glovu ziwe za mpira usioyeyuka, za pamba zinanywa rangi na kuiweka mkononi siku nzima. Na acheni kunawa mikono kwa petroli. Rangi inatoka, kweli, lakini petroli yenyewe ina benzeni. Sabuni na mafuta ya kula vinatosha, na weusi unaobaki kwenye kucha siyo aibu kwa fundi.

Kwa wenye kupaka nyeusi ipo njia ya zamani ya bei ndogo. Loweka misumari au chuma cha kusugulia sufuria ndani ya siki kwa wiki moja au zaidi. Usikaze kifuniko, kwa kuwa inatoa gesi. Chuja, paka. Chuma kinashikana na dawa ya magome iliyomo ndani ya ngozi, na weusi unazaliwa humo humo, kwa hiyo hautoki kirahisi kwenye kitambaa. Ngozi ya kromu haitageuka nyeusi. Baadaye pitisha maji yenye magadi kidogo ya kupikia kuua ukali wa siki, usije ukala chuma cha bastola, kisha suuza, kausha, na uzibe kama kawaida.

Kila tawi lijaribu njia hii kwa ala mbili kabla ya mkutano ujao na kuzileta pamoja na kitambaa cha kipimo. Mleteni pia mwakilishi chupa tupu za rangi, gundi na vanishi mnazotumia, zikiwa na karatasi zake za maandishi. Chupa zisizo na maandishi zihesabiwe na ziandikwe peke yake, maana hizo ndizo tutakazoanza nazo kwa mwajiri.