Mawe Yalikuwa Yakiporomoka

Kuporomoka ni kushuka kwa nguvu na kwa kishindo. Jani la mti huanguka tu, haliporomoki. Jiwe kubwa huporomoka, na ukuta, na maji mengi.

Sisi wa Bunia twalijua neno hili. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200. Ziwa Albert liko chini, kadiri ya mita 620. Njia ya Kasenyi hupita Bogoro, kisha hushuka mteremko mkali mpaka ziwani. Mvua ikinyesha sana, mawe na udongo huweza kuporomoka njiani.

Sasa sikilizeni. Dereva mmoja anapanda na samaki, mwingine anashuka na magunia ya maharagwe. Wanakutana. Yule wa kushuka anauliza, “Ndugu, habari za njia?” Mwenzake akijibu, “Mawe yaliporomoka,” basi jambo limekwisha; labda watu wameanza kuyaondoa. Lakini akijibu, “Nilipopita, mawe yalikuwa yakiporomoka,” maana ni nyingine kabisa. Mawe yalikuwa bado yanakuja, naye hakuona mwisho wake. Dereva mwenye akili atasimamisha motokari na kungoja.

Tazameni maneno yale mawili: yalikuwa yakiporomoka. Kila moja lina ya- yake, kwa sababu ya mawe. La kwanza lina -li-, maana ni wakati uliopita. La pili lina -ki-, maana jambo lilikuwa likiendelea. Ukisema yalikuwa yanaporomoka, ni sawa pia. Sokoni twasikia “mawe ilikuwa inaporomoka”, na watu huelewana vizuri. Katika daftari la shule, andikeni ya-.

Jina likibadilika, badilisheni pande zote mbili: jiwe lilikuwa likiporomoka, ukuta ulikuwa ukiporomoka.

Huko Uganda, mto Nili hubanwa katikati ya miamba, mahali penye upana wa mita 7 hivi, halafu huporomoka kadiri ya mita 43 na kuendelea mpaka Ziwa Albert, ziwa letu hili hili. Mahali hapo huitwa Maporomoko ya Murchison. Mnaona jina limetoka wapi? Hapo twasema maji huporomoka, kwani hayapumziki usiku wala mchana.

Zoezi

1. Tulipofika Bogoro, udongo ... (kuporomoka).

2. Watu walikimbia, kwa maana nyumba ... (kuporomoka).

3. Andika tena, kuonyesha kwamba jambo lilikuwa halijaisha: Mwamba uliporomoka.

4. Dereva amekuambia, “Udongo uliporomoka asubuhi.” Utamwuliza nini kabla ya kushuka?